Nani Ataitwa Ukiugua Ughaibuni?

Unapojiandikisha kwa daktari nchini Uingereza au Marekani, hutakiwa kuandika jina na namba ya simu ya mtu wa kuitwa panapotokea dharura. Kwa miaka minne niliandika jina la kaka yangu aliyeko Morogoro, wala sikuona kasoro yoyote mpaka nilipopata homa ya mapafu katikati ya baridi. Mama alipopiga simu nilimwamkia na kumwambia kwamba ni mzima kabisa, huku jasho limelowesha shuka. Aliyenipeleka hospitali ni Mrundi mmoja tuliyefanya naye zamu za usiku, aliyeshangaa kutoniona kazini siku mbili mfululizo, akaja kubisha hodi.

Walioko nyumbani tunawaficha maradhi yetu, nao wanatuficha yao, kwa hiyo mapenzi yao, hata yawe ya dhati namna gani, hayawezi kufanya kazi ya mtu anayekuona kwa macho yake.

Faida ya uhusiano na watu kwa afya imepimwa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu zaidi ya watu 300,000, wakaona kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi walichofuatiliwa. Mapema zaidi, mwaka 1997, Sheldon Cohen na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watu 276 waliojitolea walidondoshewa puani virusi vya mafua. Waliougua kwa uchache ni wale wenye uhusiano wa aina nyingi, yaani ndugu, majirani, wafanyakazi wenzao na waumini wenzao. Zingatia hapo neno aina, kwa maana kundi la WhatsApp la watu 200 wa kabila moja bado ni uhusiano wa aina moja.

Mwenye wasiwasi wa muda mrefu asiye na wa kumweleza hukosa usingizi, na shinikizo lake la damu huweza kupanda. Zaidi ya hayo, hana wa kumuuliza kama amekunywa dawa.

Vyama vyetu vya ughaibuni ni hodari wa misiba. Mtu akifariki, mchango wa kusafirisha mwili hutimia ndani ya siku chache, lakini mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye kwao angehudumiwa siku arobaini, hubaki peke yake na kichanga kuanzia saa mbili asubuhi mume anapokwenda kazini. Mwombeni mwenyekiti apange ratiba ya watu wawili kwa siku: mmoja alete chupa ya uji na chakula cha mchana, mwingine ambebee mtoto kwa saa moja ili mzazi alale. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza.

Wapo wanaoogopa kusema shida zao kwa sababu ya umbeya, na kwa kweli hofu hiyo ina msingi. Mtu wa namna hiyo atafute angalau msiri mmoja nje ya jamii yetu, au apige simu kwa wasikilizaji wa saa 24: 116 123 nchini Uingereza, 988 nchini Marekani. Hospitalini aombe mkalimani, ambaye katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza halipiwi na mgonjwa, badala ya kumtwisha mtoto wake kazi ya kutafsiri maradhi ya mzazi.

Kisha irudie ile fomu. Mwombe ridhaa mtu anayeishi dakika chache kutoka kwako, mwoneshe dawa unazotumia na mahali zilipo karatasi zako za hospitali, umwachie ufunguo wa akiba, ndipo uende mapokezi ukabadilishe jina. La kaka yangu bado limo katika fomu yangu, ila sasa liko mstari wa pili.