Kupata Mlio Mkavu wa Ngoma za Miaka ya 1970

Anayerekodi ngoma ili zitoe mlio mkavu, yaani mfupi usio na mwangwi, katika chumba cha ghorofani jijini Nairobi, chenye sakafu ya vigae na kuta tupu, hana budi kuanza na chumba chenyewe: atandike zulia chini ya ngoma na kutundika mablanketi mazito ukutani, kwa kuwa mwangwi ukishaingia kwenye maikrofoni ni vigumu kuuondoa. Kisha alegeze kidogo ngozi ya snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini yake) na kuifunika nusu kwa kitambaa, kama Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles, alivyofunika ngoma zake kwa vitambaa vya jikoni mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa maoni yangu leso kuukuu, ambayo haikosekani nyumbani, yafaa zaidi. Ndani ya ngoma kubwa atie mto. Maikrofoni mbili zatosha. Kwenye kompyuta apunguze masafa ya sauti (sauti nyembamba kabisa) yaliyo juu ya hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, wala asiongeze mwangwi.