Namna ya Kukusanya Pasipoti za Kale za Tanganyika Ukiwa Lindi

Anayetaka kukusanya pasipoti za zama za ukoloni hapa Lindi aanze na masanduku ya bati ya familia kabla ya kwenda mtandaoni, kwa kuwa kitabu kinachotoka mikononi mwa wenyewe huja na habari za aliyesafiri nacho, na habari hizo ndizo zinazokipa thamani. Watafute waliofanya biashara ng'ambo, mabaharia, na waliokwenda Hijja. Ukifika kwa mzee, toa shikamoo, zungumzeni, na suala la pasipoti liachwe mwishoni. Akikataa kuiuza, omba ruhusa ya kuipiga picha.

Jua pia kitabu kilitolewa wakati gani. Tanganyika haikuwa koloni kamili: Uingereza iliitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa kuanzia 1922, kisha kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1946, ndiyo maana wenyeji walihesabiwa kuwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza. Ninazozithamini kuliko zote ni za Tanganyika huru, kwani kati ya tarehe 9 Desemba 1961 na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 haikutimia hata miaka miwili na nusu.

Ukaguzi ndio unaotaka subira. Kaa karibu na dirisha, fungua ukurasa wa picha, kisha uinamishe kitabu hadi mwanga upite kwa ubavu: muhuri wa mgandamizo ulioanzia juu ya picha uendelee kwenye karatasi bila kukatika, na mistari isipokutana, shuku kwamba picha imebadilishwa. Tazama kutu ya pini, ambayo kwa kawaida huacha doa lake kwenye ukurasa unaofuata.

Unyevu wa pwani na mchwa ni maadui wakubwa, hivyo weka kila kitabu katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na ukuta na sakafu. Usitumie selotepu kamwe. Niliwahi kuunga ukurasa uliochanika, na baada ya miaka michache gundi iliacha doa la manjano juu ya muhuri wa Aden, doa ambalo halitoki tena. Ndani ya pasipoti usiandike chochote: jina la mwenyewe, aliyekupa na kijiji chake viandikwe kwa penseli kwenye kadi, ikae na kitabu chake.