Wimbi la Kelvin la Bahari ya Hindi kwenye kompyuta yako

Wimbi la Kelvin ni wimbi refu linalosafiri kuelekea mashariki kando ya ikweta. Hapa tunaliiga kwa programu fupi; nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana anayesoma Maseno. Python na NumPy ushavizoea. Programu kubwa za bahari achana nazo kwanza. Wimbi ambalo hukuliandika mwenyewe, likiharibika hutajua pa kuanzia.

1. Milinganyo

u_t = βyv − g h_x
v_t = −βyu − g h_y
h_t = −H(u_x + v_y)

u ni mwendo wa maji kuelekea mashariki, v kuelekea kaskazini, h ni kiasi ambacho tabaka la maji limenenepa, H ni kina chake cha kawaida, g ni mvutano wa dunia (9.81). Herufi ndogo ya chini ni badiliko: u_t kwa wakati, h_x kuelekea mashariki, h_y kuelekea kaskazini. β, kasi ya Coriolis kubadilika ukiiacha ikweta, ni 2.28 × 10⁻¹¹ (kwa mita kwa sekunde). Umbali kutoka ikweta ni y. Ikweta inapita hapa kwetu Maseno, na hapo nguvu ya Coriolis (inayopindisha mwendo kwa sababu dunia inazunguka) ni sifuri, kisha hubadili upande ukiivuka. Ndiyo inayolinasa wimbi.

2. Gridi

Kilomita 6,000 kwa 3,000, visanduku vya kilomita 25. h katikati ya kisanduku, u na v kwenye kingo. Ukutani hakuna mtiririko.

3. H, na hatua ya wakati

Usiweke mita 4,000. Kina hicho kinakupa mita 198 kwa sekunde, mwendo wa tsunami. Wimbi letu linapita chini kwa chini, kwenye mpaka wa maji ya moto na ya baridi, kwa mita 2.5 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo tuiite c. Kwa hiyo H = c²/g = mita 0.64. Ndiyo, sentimita 64! Si kina cha bahari, ni namba ya kuleta kasi sahihi. Kijana alidhani nimeteleza, akarudisha 4,000, na skrini ikajaa nan (alama ya Python ya "si namba").

Sababu: hatua ya wakati isizidi dx/(c√2), dx ikiwa upana wa kisanduku. Kwa 2.5 ni kama sekunde 7,000. Kwa 198 ni 89 tu. Mimi hutumia 3,600.

Mpangilio nao una maneno. Sasisha u, halafu v kwa kutumia u mpya, halafu h kwa kutumia zote mbili mpya. Ukisasisha zote kwa thamani za zamani, itakulipukia hata ukipunguza hatua. Na kwa kuwa u na v hazikai pamoja, kwenye Coriolis chukua wastani wa jirani wanne.

4. Endesha

Weka kilima cha h katikati, kirefu mashariki–magharibi. Kilele cha Kelvin kifike ukuta wa mashariki baada ya siku 14 hivi. Kilele cha wimbi la Rossby, wimbi la pili linalozaliwa na kilima hicho, huelekea magharibi kwa theluthi ya mwendo huo. Kilima kikiwa chembamba, huchelewa zaidi. Ukiona duara linalotanuka sawasawa pande zote, βy haifanyi kazi. Kilele cha Kelvin kikiganda ukuta wa kusini, umehesabu y kuanzia ukutani badala ya katikati.