Namna ya kuongea ili mama ajifungue salama: wakunga, madaktari na ndugu

Jamani wodi ya wazazi mama anaweza kutupotea huku dawa zipo na daktari yupo, kilichokosekana ni mtu kusema jambo lote mapema. Nawaandikia wakunga wenzangu na nyie ndugu mnaosindikiza wajawazito.

Tuanze na simu ya usiku. Ukimwambia daktari "dokta kuna mama hayuko vizuri" atasema nakuja, ila hajajua uzito wake. Sema hivi: "Kitanda namba 4, mimba ya kwanza, wiki 38, presha 160/110 nimepima saa 8 usiku, kichwa kinamuuma sana na anaona maruweruwe, nahofia kifafa cha mimba, naomba uje sasa hivi." Akikupa oda ya dawa mrudishie dozi kwa sauti kama alivyoitaja halafu andika pamoja na saa.

Zamu mkabidhiane pale pale kitandani, patografu (ile chati ya maendeleo ya uchungu) mkononi, mama mwenyewe anasikia, kisha muulizeni kuna kitu tumesahau? Utashangaa anakwambia mtoto kapunguza kucheza tangu jioni au chupa ilishapasuka na hakuna aliyeandika. Na tafadhali sana tusiwafokee, mama akifokewa mara moja hataita tena hata damu ikiwa inamtoka, atanyamaza tu pale kitandani, mi naona hili ndo kubwa kuliko yote.

Ndugu na nyie chagueni mtu mmoja wa kuulizia, namba yake iandikwe kwenye kadi ya kliniki, sio mama mkwe anauliza, shangazi anauliza, mume naye anapiga toka kazini wakati nesi ni mmoja na akina mama ni wengi. Huyo ajue kundi la damu la mama, kama alishawahi kufanyiwa oparesheni, na dawa zinazomdhuru. Halafu kama mama amekunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu semeni mapema, msiogope kusemwa, kwa sababu zile dawa zinaweza kuzidisha uchungu mpaka mji wa mimba ukachanika, sasa daktari asiyejua akiongezea dripu ya uchungu hapo hatari inakuwa mara mbili. Na wewe mkunga usimsute aliyesema ukweli.

Mama akipelekwa thieta mmoja wetu atoke nje mara moja awaambie ndugu kwa nini anapasuliwa na nani atawaletea majibu, vurugu nyingi za getini zinaanzia kwenye ule ukimya.

Siku ya kuruhusiwa usiseme tu "ukiona hatari rudi", mtajie: pedi kulowa chapa ndani ya saa moja, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kisha arudie mwenyewe mumewe akisikia. Kwa Tanzania namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni 115, isevuni kwenye simu za nyumba nzima kabla uchungu haujaanza.