Jinsi ya kuomba nafasi ya muuguzi mbobezi ukiwa bado muuguzi wa wodini

Muuguzi mbobezi ni yule aliyejikita katika fani moja, kama figo au wagonjwa mahututi. Kabla hujagusa barua ya maombi, soma tangazo la kazi pamoja na maelezo ya majukumu. Pigia mstari kila sifa iliyo sharti, kisha kila iliyo nyongeza tu. Ukikosa ya sharti, maombi huishia kwenye mchujo. Ukikosa ya nyongeza, omba. Inasikitisha kuona muuguzi hodari akijinyima nafasi kwa sababu ya kitu ambacho hata mwajiri hakukilazimisha.

Hakikisha pia unajua cheo hicho kinadai elimu gani. Mahali pengine uzoefu na kozi ya fani, tuseme ya usafishaji damu au wagonjwa mahututi, vinatosha. Kwa muuguzi bingwa wa kliniki (clinical nurse specialist), ngazi ya juu ya ubobezi, mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi wa mwaka 2020 unaweka shahada ya uzamili kuwa kiwango cha chini. Kwa hiyo usilipe ada ya chuo chochote kabla ya kuliuliza baraza linalokusajili kama linaitambua kozi hiyo.

Hatua inayofuata ni kuzungumza na muuguzi mfawidhi wako, na mapema. Huenda ndiye atakayeulizwa habari zako, na si vizuri azisikie kwanza kwa watu. Mwombe nafasi ya kushinda siku chache kwenye kitengo unachokitamani, ukimfuata muuguzi wa huko. Utaona kazi ilivyo: simu za wagonjwa walioko nyumbani, kliniki, kufundisha wenzako, makaratasi mengi. Wapo wanaogundua hapo kwamba wanaipenda zaidi wodi, na ni heri kugundua mapema.

Nyaraka hazina maajabu: leseni isiyokwisha muda, vyeti, kumbukumbu za mafunzo endelevu, daftari la ujuzi lenye saini za wasimamizi, na majina ya wadhamini uliokwisha kuwaomba ridhaa.

Kazi kubwa ipo kwenye maelezo ya kwa nini unafaa. Fuata sifa za tangazo moja baada ya nyingine, na kila moja uijibu kwa tukio. Sentensi kama "nina uwezo mzuri wa kufuatilia wagonjwa" haimwambii msomaji chochote. Kwa anayeomba kitengo cha figo, ambako sindano za kusafisha damu huchomwa kwenye fistula, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji na ambayo ikiwa nzima hutetema, andika hivi: "Kabla ya mgonjwa kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, niligusa fistula ya mkononi nikakosa ule mtetemo wake. Nikaisikiliza kwa stetoskopu, kimya. Nikazuia asichomwe sindano, nikamwita daktari mara moja nikihofia damu imeganda, kisha nikaandika saa na nilichokiona." Hapo anayechuja ameona unachokijua, ulichoamua na mpaka wa madaraka yako. Sema "nili-" mahali ulipotenda wewe. "Tuli-" kila mahali humficha mwombaji. Jina la mgonjwa na chochote kinachoweza kumtambulisha kisionekane kabisa.

Kama uliwahi kubadilisha jambo wodini, hata dogo kama fomu ya makabidhiano ya zamu, litaje na ueleze lilileta nini. Ubobezi unahusu pia kuinua kazi ya wengine, na waombaji wengi husahau upande huo.

Kwenye usaili tarajia kisa cha mgonjwa anayebadilika ghafla. Jibu kwa mpangilio: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha ukaguzi wa mwili mzima, na useme wazi ni wakati gani ungeita msaada. Swali la migongano na daktari nalo huja mara nyingi. Elekeza jibu kwenye usalama wa mgonjwa, usimseme mtu vibaya.

Ukipewa nafasi, kabla ya kusaini uliza kwa maandishi: ngazi ya mshahara, muda wa kufanya kazi chini ya usimamizi, nani atakusimamia, na kama bado utaitwa kujaza zamu za wodi. Usipochaguliwa, andika kuomba maoni ya jopo wakati bado wanakukumbuka.