Kuruti Pixel na kubaki na ruti baada ya masasisho

Kuruti simu ya Android ni kujipatia mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo wake, ukaweza kusoma na kubadilisha hata yale ambayo mtengenezaji ameyafungia. Wengi huipata ruti bila shida kubwa, kisha sasisho la mwezi likiingia inapotea, au simu inaganda kwenye nembo isiendelee mbele. Maelezo haya yanahusu Google Pixel kuanzia Pixel 7, kwa kutumia Magisk, programu iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016, na mkazo wake ni kwenye masasisho.

Kwanza hakikisha kwamba simu yenyewe inafunguka. Baadhi ya Pixel za mtumba zinazofika Kariakoo au Nairobi ziliuzwa awali na kampuni za simu za Marekani, na zile zilizotoka Verizon butiloda yake (programu ndogo inayoanzisha mfumo simu inapowaka) haifunguki kwa njia ya kawaida, hata kama zinakubali laini zetu zote. Kwa hiyo kabla hujalipa, unganisha simu na intaneti, ingia kwenye Mipangilio, gusa nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zitokee, kisha tazama swichi ya OEM unlocking. Ikiwa imefifia na haikubali kuguswa, na lengo lako ni kuruti, iache simu hiyo dukani.

Kufungua butiloda hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, basi hamisha picha, namba na mazungumzo yako kabla hujaanza. Washa swichi hiyo pamoja na utatuzi wa USB, unganisha simu na kompyuta yenye adb na fastboot, zana za Google za kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, andika humo adb reboot bootloader, halafu fastboot flashing unlock, na uthibitishe kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia.

Sasa pakua kutoka tovuti ya Google ya wasanidi kifurushi cha mfumo chenye nambari ya muundo ileile iliyoko kwenye simu yako, herufi kwa herufi. Ndani yake kuna kifurushi kingine cha zip, na humo ndimo lilimo faili la init_boot.img, linalotumika mfumo unapoanza kuwaka; kwenye Pixel 6 na 6a linalohitajika ni boot.img. Linakili kwenye simu, sakinisha Magisk na uifungue, gusa Install, chagua kurekebisha faili, na utapata faili jipya ambalo jina lake linaanza na magisk_patched. Lirudishe kwenye kompyuta, ipeleke simu kwenye butiloda, kisha andika fastboot flash init_boot likifuatiwa na jina la faili hilo. Lile faili halisi usilifute hata kidogo: litunze kwenye folda yenye nambari ya muundo wake, kwa kuwa siku ya matatizo ndilo litakaloiinua simu.

Ruti hupotea kwa sababu Pixel ina nafasi mbili za mfumo, A na B. Unapotumia A, sasisho huandikwa kimyakimya kwenye B pamoja na init_boot mpya isiyo na Magisk, na simu ikiwashwa upya inahamia B. Zaidi ya hapo, sasisho dogo hukagua kwanza kama sehemu zilizopo ni zile za kiwandani. Likikuta init_boot imebadilishwa, linakataa kuendelea.

Ndiyo maana mpangilio una uzito kuliko kasi. Zima masasisho ya kiotomatiki kwenye chaguo za wasanidi, ili simu isijisasishe usiku umelala. Sasisho linapotangazwa, pandisha Magisk hadi toleo jipya, hasa kama Android yenyewe inabadilika, na uzime moduli, yaani nyongeza za Magisk, zinazogusa mfumo. Kisha ndani ya Magisk gusa Uninstall, uchague Restore Images, na usiwashe simu upya. Ingia kwenye Mipangilio, ruhusu sasisho lipakuliwe na lisakinishwe mpaka mwisho, na simu itakapokuomba uiwashe upya, usikubali. Rudi Magisk, gusa Install, chagua Install to Inactive Slot, ngoja imalize, halafu washa upya kwa kitufe cha Magisk chenyewe. Hatua hii ndiyo inayoivusha ruti hadi nafasi mpya.

Ikiwa Magisk itasema haina nakala ya faili halisi, pakua sasisho kamili kutoka Google na ulisakinishe kwa adb sideload ukiwa kwenye rikavari, hali ya simu ya kukarabati mfumo. Data yako haitaguswa, ila ruti itaondoka, na utairudisha kwa kurekebisha init_boot ya toleo hilo jipya. Fanya vivyo hivyo kama ulibonyeza kuwasha upya kabla ya wakati. Usikimbilie kurudisha faili la zamani lililorekebishwa, kwa sababu mfumo mpya unaweza kukwama nalo.

Simu ikiganda kwenye nembo, irudishie kwa fastboot flash init_boot faili halisi la toleo lililomo, nayo itawaka bila ruti. Chanzo kikiwa ni moduli, iwashe katika hali salama kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati nembo inaonekana, na Magisk itazizima moduli zote.

Jiandae pia kwa programu za benki na za pesa, kwani nyingi hutumia ukaguzi wa Google wa Play Integrity na zinaweza kukataa simu iliyorutiwa. Menyu za M-Pesa za *150*00# kwa Tanzania na *334# kwa Kenya hazitegemei programu hizo.

Ukitaka kuiuza simu, rudisha kwanza mfumo wote wa kiwandani na uiwashe uone inafika mwisho, ndipo uandike fastboot flashing lock, amri ambayo nayo hufuta data. Ukifunga butiloda wakati init_boot iliyorekebishwa bado imo, simu itakataa kuwaka, na kuifufua huenda kusiwezekane.