Kuchora mstari wa nyakati wa Misri na Nubia kwa darasa

Unganisha karatasi za manila hadi zifike mita 3. Kipimo: sentimita 10 kwa kila miaka 100. Anzia kushoto mwaka 2500 KK, ishia 350 BK, ilipoanguka Meroe, mji mkuu wa mwisho wa Kushi, ufalme wa Nubia kusini mwa Misri. Kumbuka hakuna mwaka 0. 1 KK inafuatwa na 1 BK.

Tumia rangi mbili: nyekundu Misri ikitawala, bluu Kushi ikitawala. Kerma, ufalme wa mwanzo wa Kushi, yenye nguvu hadi karibu 1500 KK, ipake bluu upande wa chini. Hapo katikati weka Semna, ngome ya mpakani kwenye Naili: Senusret III, mfalme wa Misri, alisimamisha jiwe la mpaka likiwazuia Wanubi kupita kwenda kaskazini, ila wajumbe na wanaokwenda kufanya biashara Iken, kituo cha soko cha Wamisri. Usiliruke jiwe hili, maana linaonyesha kuwa vita na soko vilikwenda pamoja.

Nyekundu inatawala hadi karibu 1070 KK. Kisha Piye, mfalme wa Kushi, anakwenda kaskazini kuiteka Misri karibu 728 KK, na Wakushi wanashikilia Misri hadi 656 KK: kama sentimita 7 tu. Wengi huzirefusha kwa sababu Taharqa, mmoja wa wafalme hao wa Kushi, ni maarufu. Pima kwa rula.

Wanafunzi watakosea "Misri ya Juu" wakiiweka kaskazini. Waambie wafuate maji ya Naili yanavyotoka Jinja, Uganda, kwenda kaskazini: juu ni kusini. Na Wanubi wa Bombo, hapo Uganda? Wao walitokana na askari wa karne ya 19 kutoka Sudan. Waandike kwenye karatasi nyingine.